Kilio Kilichotangulia Matanga: Chimbuko la Baladi ya Philly Lutaaya

Baladi, kwa maana inayotumiwa na wanamuziki wa sasa, ni wimbo wa mwendo wa polepole unaoshikilia hisia moja tangu mwanzo hadi mwisho, na baladi ya roki ni ile inayovikwa vyombo vya umeme, yaani gitaa, besi, ngoma na kinanda, ambavyo huanza kwa sauti ya chini na kupanda hatua kwa hatua hadi kiitikio cha mwisho kipokewe na sauti za wengi. Aina hii ya wimbo imekuwa mahali pa kuwekea misiba ya zama hizi. Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, aliitumia kumwombolezea mwanawe Conor, aliyefariki New York mwezi Machi 1991, na nyimbo nyingi za aina hiyo zimejengwa juu ya msingi huohuo mmoja, kwamba aliyeondoka ndiye anayeimbwa na aliyebaki ndiye anayeimba. Uganda inayo baladi iliyoupindua msingi huo. Katika "Alone and Frightened" ya mwaka 1989, wimbo ambao jina lake linamtaja mtu aliye peke yake na mwenye hofu, Philly Bongoley Lutaaya hakumlilia marehemu yeyote, bali aliimba kifo chake mwenyewe akingali hai, na kabla mwaka huo haujakwisha Ukimwi ukawa umemwua.

Waswahili wa pwani wanazo mbolezi, yaani nyimbo za kuomboleza, na kanuni yake isiyoandikwa ni kwamba marehemu hana zamu ya kusema, kwa kuwa maneno yote juu yake huachiwa walio hai. Watu wa Buganda, nchini Uganda, nao wanao utaratibu mrefu wa msiba, ambao hufungwa kwa sherehe ya kuhitimisha matanga iitwayo okwabya olumbe, ambamo ukoo hukutana, humtawaza mrithi na kulitangaza jambo kuwa limekwisha. Kote huko kilio hufuata kifo. Wimbo wa Lutaaya ulitanguliza kilio mbele ya kifo, na chimbuko lake haliwezi kueleweka bila kwanza kuutazama ukimya uliokuwa umetanda juu ya nchi nzima katika muongo ule.

Maradhi yenye majina mengi

Mtaa wa Bukoto jijini Kampala ni mahali pazuri pa kuutazamia ukimya huo, kwa sababu historia ya ugonjwa inapita karibu na milango yake. Eneo hili, ambalo kiutawala limegawanywa kuwa Bukoto I na Bukoto II ndani ya Divisheni ya Nakawa, liko kaskazini-mashariki mwa kitovu cha jiji, likipakana na mitaa ya Kamwokya, Kisaasi, Ntinda na Naguru, na tangu zamani limechanganya maisha ya hali mbalimbali, kuanzia watumishi wa ofisi katika magorofa yaliyopewa majina kwa rangi zake, meupe na ya kahawia, hadi wachuuzi na mafundi katika nyumba zilizobanana mabondeni. Ng'ambo ya Kamwokya, upande wa magharibi, ndipo kilipo kilima cha Mulago na hospitali kuu ya rufaa ya taifa, ambayo katika miaka ya 1980 ilipokea wagonjwa waliokonda kutoka kila upande wa nchi bila kuwa na dawa ya kuwapa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kutambuliwa nchini Uganda mwaka 1982 katika wilaya ya Rakai, hasa katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero kilicho kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwa kuwa wagonjwa walikonda hadi kubaki mifupa, watu waliuita "slim", neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, ambalo Kiganda kilitamka "siriimu", na baadaye lugha hiyo ikaupa jina lake yenyewe, mukenenya, lenye picha ya kitu kinachomnyonya mtu hadi aishe. Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, ulipewa jina la Juliana, ambalo lilikuwa jina la kitambaa cha biashara kilichopendwa sana wakati huo. Mwaka 1985 kundi la madaktari, ambamo alikuwamo David Serwadda wa Mulago, lilichapisha katika jarida la Lancet makala iliyoonesha kwamba "slim" ya Rakai na Masaka ilihusiana na virusi vilivyokwisha kugunduliwa Ulaya na Marekani, na kwa hiyo majina yote hayo yaliingia katika jina moja la kitabibu, ambalo Kiswahili kimelifupisha kuwa Ukimwi, yaani ukosefu wa kinga mwilini.

Serikali iliyoingia madarakani mwezi Januari 1986 haikuuficha ugonjwa, kwani mwezi Mei mwaka huohuo Waziri wa Afya, Ruhakana Rugunda, aliueleza Mkutano wa Afya Duniani mjini Geneva kwamba Uganda ilikuwa na Ukimwi na ilihitaji msaada, wakati ambapo serikali nyingi za Afrika zilikuwa bado zikikanusha. Hata hivyo, uwazi wa serikali si uwazi wa nyumbani. Waziri aliweza kusema kwamba nchi ina Ukimwi, lakini hakukuwa na mtu mashuhuri aliyesema kwamba yeye anao, na tangazo la redio liliwahusu watu wote kwa jumla bila kumhusu yeyote kwa jina. Katika mazishi familia zilitaja malaria, kifua kikuu au uchawi, nao waombolezaji waliokuwa wakijua walijifanya hawajui, ingawa methali ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Ukuta huo ulianza kupata ufa Mulago kwenyewe. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia, ambayo ni tiba ya viungo kwa mazoezi, alimpoteza mwezi Januari 1987 mumewe Christopher, aliyekuwa amegundulika kuwa na Ukimwi akiwa masomoni Uingereza, na katika mwaka huo yeye na wenzake, jumla yao watu 16, ambao wengi walikuwa wenyewe wameambukizwa, walianzisha shirika la TASO ili wagonjwa na familia zao wapate ushauri nasaha na uangalizi. Kazi yao ilikuwa kubwa, lakini kwa asili yake ilifanyika faraghani, mtu kwa mtu, nyuma ya mlango uliofungwa. Kilichokosekana bado ni sauti ambayo nchi nzima ilikwisha kuizoea na kuipenda kabla haijasema jambo hili.

Njia ya kwenda Stockholm

Sauti hiyo ilikuwapo, nayo ilikuwa mbali. Lutaaya, aliyezaliwa Oktoba 1951, alikulia katika muziki wa bendi za Kampala na kupitia bendi ya Cranes, ambayo kutoka ndani yake ilizaliwa Afrigo mwaka 1975, bendi ambayo Moses Matovu na wenzake waliifanya kuwa ya kudumu kuliko zote nchini. Miaka hiyo ya utawala wa Idi Amin, pamoja na vita vilivyoufuata, ilivunja maisha ya usiku ya jiji, kwa sababu muziki wa dansi hauwezi kuishi mahali ambapo watu wanaogopa kutoka baada ya jua kuzama, na wanamuziki wengi walitafuta riziki Nairobi, Zaire na kwingineko. Lutaaya alipita Kenya kabla ya kufika Stockholm, Sweden, katikati ya miaka ya 1980, alikoitwa na Waganda wenzake wa fani hiyo, miongoni mwao Hope Mukasa, Sammy Kasule na Frank Mbalire.

Huko ndiko alikorekodi albamu ya "Born in Africa", ambayo ilirudi Uganda katika kanda na kupokewa kama barua kutoka kwa ndugu aliyeko ughaibuni, pamoja na albamu ya nyimbo za Krismasi ambayo haijapata mpinzani nchini hadi leo. Studio za Sweden zilimpa vifaa ambavyo Kampala ya wakati huo haikuwa navyo, hasa sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti za vyombo mbalimbali, na mitambo iliyoruhusu kila chombo kurekodiwa peke yake kabla ya vyote kuunganishwa. Kwa hiyo, alipofika kwenye wimbo wa ugonjwa wake, alikuwa na uchaguzi wa mitindo ambao msanii aliyebaki nyumbani asingekuwa nao.

Uchaguzi alioufanya unastahili kuangaliwa kwa makini. Buganda inao mtindo wake wa kusimulia mambo mazito, uitwao kadongo kamu, yaani gitaa dogo moja, ambamo mwimbaji huketi na gitaa lake na kusimulia kisa kirefu kwa Kiganda chenye mafumbo, na ni mtindo huo ambao Paul Kafeero aliutumia katika miaka ya 1990 kuimba "Walumbe Zaaya", wimbo wake maarufu kuhusu kifo. Lutaaya, ambaye Kiganda chake kilipendwa na ambaye nyimbo zake nyingi ni za lugha hiyo, aliliacha gitaa moja na kuiacha lugha ya mama, akachukua baladi ya Kiingereza. Sababu inaonekana katika hali ya nchi yenyewe, ambayo ina lugha zaidi ya arubaini na ambayo Kiswahili chake kilikuwa bado kinanuka bunduki masikioni mwa raia wengi wa kusini kwa kuwa walikisikia zaidi kutoka kwa askari. Wimbo wa Kiganda ungeonekana kuwa msiba wa watu wa Buganda peke yao, ilhali wimbo wa Kiingereza uliweza kuingia katika shule za Gulu, Mbale na Mbarara bila kubisha hodi kwa jina la kabila lolote.

Wimbo na mwili wa mwimbaji

Kwa muundo, wimbo huo unafuata ngazi za baladi ya roki kwa uaminifu. Unaanza kwa mwendo wa taratibu, juu ya vinanda visivyo na haraka, na beti za mwanzo zinamchora mtu aliyejitenga, ambaye siku zake zimekuwa ndefu na ambaye marafiki wamepungua. Kisha kiitikio kinatoka kwa mtu mmoja na kuhamia kwa watu wote, kikimwingiza msikilizaji ndani ya jambo alilodhani ni la mwenzake, na sauti za waitikiaji zinajaa mahali ambapo mwanzoni palikuwa na sauti moja tu. Katika baladi nyingi upandaji huo wa sauti ni pambo la studio, lakini hapa ndio maana yenyewe, kwa sababu mgonjwa anayeanza akiwa peke yake anamaliza akiwa amezungukwa na kwaya, na msikilizaji anatambua kwamba kwaya hiyo inamhitaji naye.

Miaka michache kabla yake wasanii wa Uingereza na Marekani walikuwa wamekusanyika kuiimbia Afrika yenye njaa, kwanza kundi la Band Aid mwaka 1984 na kisha USA for Africa mwaka 1985, na nyimbo hizo zilitumia kwaya ileile ya mwisho kuomba huruma kwa ajili ya watu waliokuwa mbali. Lutaaya aliichukua zana hiyo akaigeuza upande. Aliyeteseka ndiye aliyeshika kipaza sauti, na walioombwa hawakuwa wafadhili wa ng'ambo bali majirani, wazazi, wachungaji na walimu wa nchi yake.

Mwaka 1989 alirudi Uganda na kutangaza hadharani kwamba ana Ukimwi, akawa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo, kisha akazunguka makanisani na mashuleni akisema na kuimba. Mapokezi hayakuwa yale yanayotarajiwa katika hadithi za mashujaa. Kwa kuwa bado alionekana mwenye afya na mavazi mazuri, watu wengi walikataa kumwamini, wengine wakidai kwamba amelipwa ili awatishe, wengine kwamba anatafuta soko la kanda zake. Shaka hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwani ugonjwa ulijulikana kwa wembamba, na mtu asiye mwembamba hakuweza kuwa shahidi wake. Kwa hiyo jambo ambalo wimbo ulilisema mapema ilibidi lisubiri kuthibitishwa na mwili wa mwimbaji, ambao ulikonda mbele ya macho ya umma na mbele ya kamera zilizomfuata kwa ajili ya filamu ya hali halisi yenye jina la albamu yake, "Born in Africa", iliyotolewa mwaka 1990 na kuoneshwa Marekani katika kipindi cha Frontline. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Waimbaji watatu, namna tatu za kunyamaza na kusema

Uzito wa alichokifanya unaonekana vizuri zaidi akiwekwa kando ya waimbaji wengine wawili. Luambo Makiadi, aliyefahamika kote Afrika kwa jina la Franco, alitoa mwaka 1987 wimbo mrefu wa "Attention na SIDA", ambamo anawaonya watu wa kila daraja dhidi ya Ukimwi kwa sauti ya mzee anayehutubia baraza, na alipofariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, miezi miwili kabla ya Lutaaya, uvumi juu ya maradhi yake ulikuwa umeenea, ingawa yeye mwenyewe hakupata kuukiri. Franco aliuimba ugonjwa akiwa amesimama nje yake.

Wa pili ni Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 na ambaye ulimwengu ulimjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Katika "The Show Must Go On", baladi ya roki ya mwaka 1991 ambayo kwa sehemu kubwa ilitungwa na mwenzake Brian May akimtazama rafiki yake akidhoofika, Mercury aliimba ukakamavu wa msanii mbele ya kifo bila kulitaja jina la kifo hicho, kisha akatoa tamko la kuwa na Ukimwi tarehe 23 Novemba 1991 na kufariki siku iliyofuata. Aliuimba ugonjwa akiwa ndani yake, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna anayeweza kumlaumu, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kukifunga chumba chake cha kufia. Lutaaya, miaka miwili kabla ya tamko hilo, aliimba akiwa ndani na mlango wazi, na ni tofauti hiyo, kuliko ubora wa sauti au utajiri wa vyombo, iliyoupa wimbo wake nafasi ambayo nyimbo nyingine hazina.

Watu wa Buganda wanacho kisa cha kale kinachoifanya tofauti hiyo iwe ya ajabu zaidi. Husimuliwa kwamba Walumbe, yaani Kifo, alimfuata dada yake Nambi duniani baada ya Nambi na mumewe Kintu kusahau ulezi wa kuku na mmoja wao kuurudia, na kwamba ndugu yao Kayikuuzi alipotumwa kumkamata aliwaamuru watu wote wajifungie na kunyamaza, lakini watoto walipomwona Walumbe walipiga kelele, naye akapenya ardhini pale Ttanda na kubaki na wanadamu hadi leo. Katika kisa hicho kifo kilipona kwa sababu watu walishindwa kunyamaza. Katika Uganda ya miaka ya 1980 mambo yaligeuka, kwani ukimya ndio uliokuwa shimo la Walumbe, na aliyepiga kelele ndiye aliyefanya kazi ya Kayikuuzi.

Kilichobaki baada ya kanda

Wimbo ulienea katika mazingira ya mawasiliano ambayo kijana wa leo ni vigumu kuyafikiria, kwa kuwa redio binafsi za FM hazikuwapo hadi mwaka 1993, na hivyo Redio Uganda, televisheni ya serikali na kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono ndizo zilizoubeba. Mwaka 1990 kilifunguliwa Kampala kituo cha AIDS Information Centre, ambacho kilimruhusu mtu yeyote kupima kwa hiari na kupewa ushauri, na baadaye ulianzishwa mpango uliobeba jina la Lutaaya, ambao kupitia kwake watu wanaoishi na virusi walitembelea shule na vijiji kusimulia habari zao. Takwimu za kitaifa zinaonesha kwamba kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima, kilichokadiriwa kufikia takriban asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilishuka katika muongo uliofuata, na utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2020 na 2021 ulikikuta kwenye asilimia 5.8.

Haifai kuupa wimbo mmoja sifa ya kushuka huko. Wataalamu wameonesha sababu nyingi zilizofanya kazi pamoja, zikiwamo kampeni za uaminifu katika ndoa na za kondomu, pamoja na ile sababu ya kuhuzunisha kwamba vifo vingi vyenyewe vilipunguza idadi ya walioishi na virusi. Dawa za mseto zinazodhibiti virusi zilianza kujulikana duniani mwaka 1996, na usambazaji wake wa bure nchini Uganda ulipanuka kuanzia mwaka 2004, miaka 15 baada ya Lutaaya kuzikwa. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba baada ya mwaka 1989 Mganda aliyetaka kusema "mimi ninao" alikuwa na mfano wa kuufuata.

Mfano huo husikika Bukoto kila mwaka unapofika mwezi wa mwisho. Tarehe 1 Desemba, ambayo tangu mwaka 1988 ni Siku ya Ukimwi Duniani, redio hupiga ile baladi ya upweke, na wiki chache baadaye maduka, saluni na kamunye, kama Waganda wanavyoziita basi ndogo za abiria kwa jina la ndege mwewe, hufungulia nyimbo za Krismasi za mtu yuleyule, ambazo watoto wasiojua alikufaje huzicheza kwa furaha. Kati ya siku hizo mbili ipo tarehe 15, siku aliyofariki, ambayo kwa wapita njia wengi wa Kira Road ni siku ya kawaida ya kununua nguo za sikukuu. Wazee ndio wanaojua kwamba sauti ya mwanzoni mwa mwezi na sauti ya mwishoni mwake ni moja, na mtoto atakayeuliza kwa nini mwimbaji wa Krismasi anaimba kwa hofu namna ile atapewa jibu ambalo katika miaka ya 1980 watu wazima walilificha hata makaburini.